Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Siku ya nne ya safari yao, fundi aliyesimamia ujenzi wa maktaba ya shule aliteremsha timazi kwenye ukuta ulioinuliwa na wanafunzi kumi na wanne wa ng'ambo tangu asubuhi. Akaitazama kwa muda, akaikunja kamba taratibu. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti: "Mdogo wangu, waambie hawa watoto wa watu wakakae kivulini. Ukuta umelewa."

Mwalimu wao alinigeukia kutaka kujua fundi amesemaje. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba fundi anawashukuru sana, wamefanya kazi kubwa, sasa wapumzike. Vijana wakapiga makofi. Jioni walipokwenda kuoga, fundi na vibarua wake wawili walibomoa kozi tatu za tofali wakazijenga upya kwa mwanga wa taa ya pikipiki. Asubuhi yake vijana waliukuta ukuta wao umenyooka, wakapiga picha.

Kisa cha namna hii si cha kijiji kile tu. Mwaka 2014 binti mmoja wa Kimarekani aliandika mtandaoni jinsi yeye na wanafunzi wenzake walivyokuja Tanzania kujenga maktaba kwenye kituo cha yatima, na kila usiku mafundi walikuwa wakibomoa walichojenga mchana na kukirudia. Maandishi yake yalizunguka dunia, watu wakacheka, wengine wakaona aibu. Ila mjadala wote ulikuwa juu ya mikono ya wale wasichana, kwamba haikujua kushika mwiko. Mimi nilipoyasoma niliwaza jambo jingine. Nilijiuliza mkalimani wao alikuwa anatafsiri nini.

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi hiyo kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nikiwa mkalimani wa makundi ya wanafunzi wa ng'ambo yanayokuja kujitolea kati ya mwezi wa sita na wa nane. Nililipwa vizuri kuliko mwalimu wa shule tuliyokuwa tunaisaidia. Naliweka wazi mapema, kwa sababu mchambuzi aliyekula kwenye sahani haruhusiwi kujifanya alikuwa anapita tu njiani.

Waswahili tuna neno kuhusu mgeni na kazi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alilitumia alipoeleza Ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii ya kale kila mtu alikuwa mfanyakazi, na hata mgeni hakuachwa alale tu. Wengi hulinukuu kama onyo kwa wageni wavivu. Lakini litazame tena lilivyopangwa. Siku mbili za kwanza mgeni anakula, anatazama, anajifunza njia ya kwenda mtoni. Siku ya tatu anapewa jembe, na anayempa ni mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayejua shamba lipi linalimwa leo, jembe lipi lina mpini mbovu, na kwamba mgeni huyu ni wa kupalilia tu, akikaribia miche ataikata.

Safari ya kujitolea imepindua mambo hayo. Mgeni anakuja na jembe lake mwenyewe. Siku ya kwanza asubuhi ameshalishika, shamba limechaguliwa miezi sita nyuma katika ofisi ya mji ambao mwenye shamba hajawahi kuusikia. Mwenyeji anabaki kuimba na kuvisha watu vitenge, chini ya kitambaa kilichoandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone".

Ndiyo maana nasema lawama nyingi tunazowapa wanafunzi wenyewe tumezielekeza pabaya. Kijana wa miaka kumi na saba hana kosa. Amepewa sepeto, anachanganya zege hadi viganja vinatoka malengelenge, na usiku analia kwa sababu mtoto wa jirani hana viatu. Wa kuhojiwa ni kiongozi wa safari, yule mwalimu au mratibu anayewaleta, na swali lenyewe ni moja: kijiji kikitaka kumwambia hapana, kitamwambia kwa njia gani?

Hajawahi kulifikiria, kwa sababu kazi yake imepangwa ili lisimfikie. Kiongozi ana mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni wazazi waliolipa. Hawa wana namba yake ya simu, wana barua pepe ya mkuu wa shule, wana mkataba na bima, na mtoto akiharisha siku mbili taarifa inawafikia kabla dawa haijafika tumboni. Bwana wa pili ni kijiji. Kijiji hakina namba yake. Kina namba ya mkalimani, na mkalimani analipwa na kiongozi. Sasa wewe niambie, malalamiko ya kijiji yakiingia kwenye simu yangu yatatokea upande wa pili yakiwa na sura gani? Yatatoka yamevaa kitenge, yanashukuru.

Mila zetu nazo haziruhusu mgeni kukataliwa. Mama aliyepewa wanafunzi wawili wa kulala kwake atawapa kitanda chake, yeye alale chini na wajukuu, na akiulizwa kama amepata usumbufu atajibu "hata kidogo". Ukimuuliza mzee mbele ya wageni kama mradi wa maktaba ni wa maana, atasema Mungu awabariki. Hiyo ni adabu. Anayeichukua kama ridhaa hajaelewa maneno aliyoyasikia, hata kama mkalimani amemtafsiria neno kwa neno.

Padri Ivan Illich aliliona hili zamani. Aprili 1968, mjini Cuernavaca nchini Mexico, alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Marekani waliokuwa wanajiandaa kwenda vijijini kujitolea wakati wa likizo. Aliwaambia waje kutazama, waje kupanda milima, waje kusoma, ila wasije kusaidia. Watu wanayakumbuka zaidi maneno hayo makali. Mimi nashika lile jingine alilowaambia, kwamba kama lazima wafanye kazi na maskini, basi waende kwa maskini wanaoweza kuwatukana usoni, yaani wenye lugha moja nao. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na kiongozi wa kawaida wa safari hizi bado anajua "jambo", "asante sana" na "hakuna matata". Kwa maneno hayo matatu hakuna mtu atakayeweza kumkatalia kitu.

Hebu tupige hesabu, maana hoja ya fedha ndiyo inayotajwa haraka kuliko zote. Tuseme tiketi ya ndege kwenda na kurudi ni dola 1,500. Vijana kumi na wanne na mwalimu wao ni dola 22,500, ambazo kwa kiwango cha mwaka 2021 zilipita shilingi milioni 50. Mwaka huohuo, Oktoba, serikali ilizindua ujenzi wa madarasa 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kwa ajili ya UVIKO-19, na kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Yalijengwa kwa utaratibu ambao siku hizi hata bibi kijijini anaujua kwa jina lake, force akaunti: shule inanunua saruji na nondo, kamati inasimamia, fundi wa hapohapo anajenga. Miezi michache tu, wanafunzi wa kidato cha kwanza wakaingia. Kwa hiyo nauli ya kundi moja ni madarasa mawili, na chenji inabaki ya madawati.

Hesabu hiyo nimeshaisikia ikisemwa kwenye vijiwe vingi, na kila mara msemaji hukaa nyuma kama amemaliza kesi. Hajamaliza. Fedha ile haikuwa inakuja kijijini hata siku moja. Mzazi wa ng'ambo aliyekubali kutoa dola 1,500 alikuwa anamlipia mwanawe aione dunia. Ukimwambia mwana asisafiri, fedha hainunui saruji ya Kilimanjaro, inanunua likizo ya kuteleza kwenye theluji. Kwa hiyo hoja ya "wangetuma fedha" ni ya kweli kwenye karatasi na ya uongo katika maisha.

Lakini ukilikubali hilo, lazima ukubali na la pili: safari hii ni masomo, na mwanafunzi ndiye anayefaidika. Kijiji ni mwalimu. Mwalimu hulipwa, hupanga somo, na ana haki ya kumtoa mwanafunzi nje ya darasa. Kiongozi anayeliona hivyo atafanya mambo mengi tofauti hata kama hajaongeza senti. Atamlipa fundi kama mkufunzi, atamweka juu ya wanafunzi na juu yake yeye mwenyewe, na fundi akisema ukuta umelewa, ukuta utabomolewa mchana kweupe, mbele ya waliouinua, nao washike nyundo wasafishe tofali moja moja. Hakuna somo la unyenyekevu linalozidi hilo, na ni la bure. Sisi tuliwaibia somo lile usiku, kwa taa ya pikipiki, kwa kuwa tuliogopa kuwaudhi.

Wapo waliowahi kufika kwa adabu zaidi. Mwaka 1961, vijana wa kwanza wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la watu wa kujitolea, walipelekwa Ghana na Tanganyika. Waliokuja kwetu walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia, maana serikali ilikuwa inahitaji barabara na ilikuwa imesema hivyo. Walikuja kwa miaka miwili, na hadi leo anayeletwa na shirika hilo hupitia kwanza miezi ya mafunzo ya lugha kabla ya kukabidhiwa darasa. Mtu anaweza kuwa na maneno mengi juu ya siasa ya mpango ule. Baada ya Azimio la Arusha hata serikali yetu ilikuwa nayo, na mwaka 1969 wakaondoka kwa miaka kumi. Ila jembe walipewa na mwenyeji, na mwenyeji alipoona basi, alilichukua.

Na kabla ya kuwafundisha watu wa ng'ambo maana ya kujitolea, tukumbuke kwamba kijiji kinalijua jambo lenyewe kwa jina. Kilimanjaro na Tanga wanaita msaragambo. Mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, ukibomoka, watu wanatoka na majembe. Barabara ikikatwa na mvua, vilevile. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na baada ya kusikiliza walikwenda kuchimba vyoo vyao wenyewe. Tofauti ndogo ipo: kwetu asiyetokea kwenye msaragambo anatozwa faini, kwao anayetokea anapewa cheti.

Sitaki kukipaka kijiji mafuta. Wenyeji nao wamejifunza biashara. Najua shule moja yenye darasa ambalo limepakwa rangi mara nyingi kuliko darasa lolote wilayani, kwa sababu kila mwaka kundi linakuja na kupaka rangi ndiyo kazi isiyohitaji ujuzi. Mwaka mmoja bluu, mwaka mwingine kijani, halafu bluu tena. Vyoo vya shule hiyohiyo vilikuwa vinatitia. Nilimuuliza kiongozi mmoja wa kijiji kwa nini hawaonyeshwi vyoo. Akanijibu kwamba wageni hawapendi kupiga picha chooni. Alikuwa amewasoma vizuri kuliko walivyomsoma.

Kuna mchezo mwingine wa namna hiyo usiochekesha. Vijana wakija mwezi wa sita, shule zetu zimefunga. Likizo yao inaangukia kwenye likizo yetu. Basi watoto wanaitwa warudi, wavae sare, wakae kwenye madawati ili wafundishwe rangi na siku za wiki kwa Kiingereza na mtu ambaye hajawahi kusomea ualimu, wakati nyumbani mama alikuwa amemtegemea mtoto huyo amshikie mdogo wake. Nilishuhudia hilo na nikatafsiri wimbo wa "kichwa, mabega, magoti". Mtoto mmoja wa darasa la sita alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Na pale watoto wanapokuwa hawana wazazi, au wanaposemekana hawana, mchezo unakuwa mzito zaidi. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na Australia, kwa sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa wa kisasa, ilianza kuwahesabu watoto wanaoingizwa kwenye makao ili kuwavutia wafadhili na watalii kuwa ni waathirika wa biashara haramu ya binadamu. Kiongozi anayewapeleka wanafunzi "kukumbatia yatima" kwa alasiri moja, baada ya yote hayo kujulikana, hana cha kujitetea. Hapo sioni hata cha kujadili.

Vivyo hivyo kwa zahanati. Mwanafunzi ambaye kwao haruhusiwi kupima hata shinikizo la damu anataka hapa ashike sindano, au aingie chumba cha kujifungulia "kuona tu". Mama aliye kwenye uchungu hataweza kumfukuza. Ni kazi ya kiongozi kusimama mlangoni, na kama muuguzi wa zamu amekubali kwa heshima ya wageni, kiongozi akatae kwa niaba yake.

Yapo na ya kiserikali, ambayo makundi mengi huyapita juujuu. Visa ya kitalii, dola 50, au 100 kwa Mmarekani, haimruhusu mtu kufanya kazi Tanzania hata kama kazi yenyewe ni ya bure. Kuna visa ya biashara ya dola 250 kwa shughuli za muda mfupi, na kwa anayekaa zaidi kuna kibali cha ukaazi daraja C. Nimemwona kiongozi akiwafundisha wanafunzi wake, ndani ya basi dogo linalotoka uwanja wa ndege wa KIA, waseme "utalii" wakiulizwa. Somo la kwanza la safari ya kusaidia nchi likawa jinsi ya kuidanganya.

Nini basi kifanyike? Sina orodha ndefu, nina mahali pa kuanzia. Kila kijiji cha Tanzania kina halmashauri yenye wajumbe wasiozidi 25, na kina mkutano mkuu wa watu wote wa miaka 18 na kuendelea, ambao kwa sheria ukutane angalau kila miezi mitatu. Kuna mwenyekiti aliyechaguliwa, kuna mtendaji aliyeajiriwa, kuna daftari la muhtasari, kuna akaunti ya benki. Hivi ni vyombo ambavyo watu hukataa kitu ndani yake bila kuvunja adabu, kwa sababu anayekataa ni mkutano na si mama fulani mbele ya mgeni wake. Kiongozi aje mwenyewe kwanza, bila wanafunzi, bila zawadi, bila kamera. Aombe nafasi kwenye ajenda. Fedha ipite kwenye akaunti na risiti isomwe mkutanoni. Mkalimani alipwe na kijiji, hata kama fedha imetoka kwa kiongozi. Nakuhakikishia tafsiri itabadilika siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema hakuna mwalimu wa ng'ambo mwenye muda wa hayo. Mimi namjua mmoja. Alikuwa ameleta makundi mawili, la pili ndilo lile la ukuta. Siku ya kuondoka, sijui niliingiwa na nini, nilimweleza kilichotokea usiku. Alinyamaza hadi tulipofika barabara ya lami. Mwaka uliofuata alirudi peke yake mwezi wa nne, masika imepamba moto, matope hadi magotini. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha kusalimia, akawapa wazee shikamoo zao. Ombi lake la kuleta wanafunzi na kumalizia maktaba liliwekwa kwenye mengineyo, baada ya ugomvi wa zamu za maji ya mfongo uliochukua saa mbili na nusu. Alikaa kwenye benchi la nyuma, akinywa chai iliyopoa.

Zamu yake ilipofika alieleza kwa ufupi. Watu wakauliza maswali, na kwa mara ya kwanza yalikuwa maswali: nani atapika, kwa nini mwezi wa sita, kwa nini maktaba wakati shule haina mwalimu wa kuikalia. Mama mmoja alisema wanafunzi waje wakati wa kahawa, mikono inahitajika, na walipie chakula kama wapangaji. Mwingine akasema mwaka huu mahindi ni machache, nyumba hazina cha kuwalisha watu wa ziada. Wakabishana. Mwishowe mwenyekiti akatangaza kwamba mkutano umeona wasije mwaka huu, na kwamba jambo hilo litazungumzwa tena baada ya mavuno. Mtendaji akaandika kwenye daftari.

Mwalimu akanigeukia, kama zamani, kuniuliza wamesemaje.

Nikamwambia wamesema hapana.

Akauliza jinsi neno hilo linavyoandikwa, akatoa kalamu.